Maili Ishirini za Karani wa Upepo

Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Panga la mbele la ndege likazunguka kivivu, likasimama wima mbele ya uso wa rubani. Chini, upande wa kushoto, niliona mabati machache ya Ruangwa yakimetameta, na mbele yetu pori tupu, na nyuma ya pori hilo, mbali, Nachingwea tuliyokuwa tunaiendea. Nikasikia upepo unapiga mluzi kwenye tundu za mlango.

Rubani, kijana wa Kizungu ambaye hakuwa ametimiza hata mwezi kwetu, aligonga kioo cha petroli kwa ukucha. Mshale ulikuwa umelala chini na haukutikisika. Nesi aliyekaa ubavuni mwangu akanigeukia.

"Kaka, mbona kimya?"

"Petroli imekwisha."

"Imekwishaje? Si ulisimama mwenyewe pale Dar wakijaza?"

"Wamejaza ya karatasi ya Tredwel, dada, mkuu wa uwanja. Hawakujaza ya kufika."

Akaushika mkono wangu akauminya, akaanza kutaja majina ya watoto wake mmoja mmoja, kama anayewaita kula. Mimi nilikuwa na kasha la dawa juu ya mapaja na mguu uliofungwa mbao. Nilichofikiri wakati ule nitakisema bila kuona haya: nilifikiri, yule karani wetu alituambia.

Mimi ni mzima, kama unavyoona. Nesi ni mzima, yuko Lindi, na watoto wameongezeka. Kila nikikumbuka mluzi ule wa upepo, nashusha pumzi na kusema alhamdulillahi. Lakini aliyetushusha hakuwamo ndani ya ndege, na maisha yake yote hakupata kupanda ndege. Huyo ndiye ninayetaka umjue kwanza.

Tulimwita Karani wa Upepo. Jina lake la kuzaliwa nalijua, ila silitaji, kwa sababu lilikwisha kusomwa kwa sauti mbele ya watu mahali pasipostahili.

Miaka ile Wazungu walikuja Nachingwea kulima karanga kwa matrekta. Pori liling'olewa, kambi ikajengwa, uwanja wa ndege ukasawazishwa. Mimi nilikuwa mtu wa mapipa pale uwanjani. Naviringisha pipa la petroli, napampu kwa mkono, na ndege ikitua nachovya kijiti kwenye tangi nione kimebaki kiasi gani. Shule nimeishia darasa la pili, lakini kijiti nilikisoma vizuri, maana alama zake nilizichonga mwenyewe kwa kisu. Yeye kazi yake ilikuwa kuutunza ule mfuko wa kitambaa unaojaa upepo juu ya mti, kuandika kitabuni upepo unatoka wapi, na kumwambia rubani umbali wa kule anakokwenda.

Alikuwa mrefu, shingo ndefu, kaptura ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata. Ndala za tairi alizivua mara mbili kwa siku: akiingia ofisini, na akikanyaga njia ya ndege. Ofisini ilikuwa adabu. Njia ya ndege alisema ni rula, na rula haikanyagwi na viatu.

Alihesabu hatua. Kutoka nyumbani kwake hadi msikitini, kutoka msikitini hadi kwenye mapipa yangu, yote aliyajua kwa hatua. Ukimsalimu njiani alikuinulia kidole usubiri, anainama, anaweka kijiwe pale mguu ulipoishia, ndipo anakuitikia. Na akikuitikia hakukufupishia: habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za yule mgonjwa wenu. Akimaliza anaokota kijiwe na kuendelea kutoka hapo hapo. Kina mama wa sokoni walimchokoza makusudi.

"Karani, leo ngapi?"

"Usinivuruge, mama. Nina mia nne na kumi."

"Mia nne na kumi na moja!" mwingine anapiga kelele kutoka upande wa pili, na wote wanacheka, na yeye anarudi nyuma mpaka mahali anapokumbuka vizuri.

Neno lake kubwa lilikuwa "weka na ya kurudi". Ukimwomba maji ya kwenda shambani anajaza kibuyu, kisha anasema weka na ya kurudi. Alipotuma mtu sukari alimpa muhogo wa kula njiani na kusema hayo hayo. Hata msibani nilimsikia akimwuliza mfiwa kwa upole kama wageni wa Mandawa wamewekewa chakula cha njiani, maana, alisema, wamekuja na huzuni, wasirudi na njaa. Rubani wa zamani alimpenda, akamwambia mara nyingi apande ndege bure akaione Dar es Salaam. Alikataa. "Nani ataniwekea ya kurudi?" alisema.

Usije ukadhani alikuwa malaika. Kwenye bao alikuwa mwizi. Mtu aliyeweza kugombana nawe nusu siku kwa sababu ya maili moja alikuwa anaficha kete katikati ya vidole mchana kweupe.

"Karani, hiyo ya kidoleni umeitoa wapi?"

"Ilikuwa hapa."

"Haikuwa hapo. Nilihesabu."

"Wewe wa darasa la pili unanihesabia mimi?"

Nikimshika anacheka mpaka machozi, anairudisha, na baada ya zamu mbili anaiba nyingine. Niliwahi kumwuliza kwa nini. Akanijibu kwamba kwenye bao hakuna anayeanguka.

Alikuwa mtu wa Mbwemkuru, lakini aliyajenga maisha yake Nkowe kwa mkewe. Kwetu sisi Wamwera mwanamume akioa huenda kukaa upande wa mke. Ardhi si yake, ni ya ukoo wa mke, na mwenye neno ni mjomba wa mke. Mume analima, anazaa, anaheshimiwa, ila kitu chake hasa pale ni sifa yake. Wakwe wakisema mkwe wetu ni mtu wa maana, basi ana nyumba. Wakisema vingine, anaweza kuwa na watoto saba na bado akawa mgeni. Karani alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Kila Ijumaa alasiri alipanda baiskeli kutoka Nachingwea hadi Nkowe, na mfukoni ana kitu cha kumpelekea mjomba: kiberiti, kipande cha sabuni, gazeti la kuvutia tumbaku.

Sasa nije kwenye umbali, maana ndipo watu wawili walipofanya walichofanya, na majina yao nitayaandika: Bwana Tredwel, mkuu wa uwanja, na Silvesta Chinguile, karani mkuu.

Tredwel alitaka ramani kubwa ukutani ofisini ili kila rubani aione. Seremala akatengeneza ubao kwa mbao za makasha ya vipuri. Ubao ukatoka mfupi. Ramani ilikuwa karatasi mbili, moja ya kaskazini yenye Dar es Salaam, moja ya kusini yenye sisi. Silvesta alikuwa amepika gundi ya unga wa muhogo, na mimi nilishika ngazi, kwa hiyo sihadithiwi.

"Bwana, karatasi zinazidi ubao," Silvesta alisema.

Tredwel hakuutoa mtemba wa tumbaku mdomoni; alijibu kwa Kiswahili chake cha kuamuru watu. "Pandisha moja juu ya nyingine. Zitaenea."

Zikaenea. Vidole vitatu vya nchi viliingia chini ya gundi. Barabara ya gari ikakatika, ikaanza tena pembeni kidogo, lakini nani alikuwa anatazama barabara? Tredwel akaweka rula kutoka Dar es Salaam hadi Nachingwea, akapiga hesabu, akapata maili mia mbili ishirini na tatu. Akaandika jedwali: safari hii maili kadha, petroli kadha. Akatia sahihi, likatundikwa.

Karani wa Upepo hakuwepo siku hiyo, alikuwa Nkowe kwenye mavuno. Aliporudi alivua ndala, akaingia, akatoa uzi wake. Ulikuwa uzi wa kushonea magunia uliopakwa nta, wenye fundo kila maili kumi kwa kipimo cha ramani ile. Akaunyosha ukutani. Mia mbili ishirini na tatu. Akaurudisha mfukoni, akasimama anakuna shingo.

Maana alikuwa na njia ya pili, na alinifundisha hata mimi. Ramani ina mistari ya kulala, kila mmoja na namba yake pembeni. Kutoka mstari hadi mstari ni maili sitini na tisa, popote duniani. Dar es Salaam iko karibu na mstari wa saba, juu yake kidogo. Nachingwea, kwa kitabu cha uwanja, imeupita wa kumi kwa theluthi na ushei. Ukitoa, unabaki na mistari mitatu na nusu. Tatu na nusu mara sitini na tisa ni mia mbili arobaini na moja na nusu. Na kwa kuwa Dar imesogea mashariki kuliko sisi, njia inakwenda mshazari, basi ongeza moja na nusu. Mia mbili arobaini na tatu.

"Uzi unasema hivi, namba zinasema vile," aliniambia. "Maili ishirini zimekwenda wapi?"

Akarudi ofisini, na mimi nikamfuata kwa kisingizio cha kuleta kitabu cha mapipa. Alisogeza pua ikagusa karatasi. Akapitisha kidole pole pole kutoka juu kwenda chini, kisha akasimama.

"Kwetu kuko wapi?"

"Nini?" alisema Silvesta.

"Mbwemkuru. Naona Ruangwa hii hapa. Mto siuoni."

"Kwenu padogo, hawakupaandika."

"Mto unaokula watu kila masika, wapimaji hawakuuona?" Akasogeza kidole pembeni. "Na hapa pana tisa. Chini yake pana kumi na moja. Kumi iko wapi, Bwana Silvesta? Nayo ni padogo?"

Mimi nilicheka. Silvesta hakucheka. Alikuwa ameiona, wallahi, nilimwona usoni kwamba ameiona. Alitazama ile karatasi iliyopanda juu ya mwenzake, akatazama mlango wa Tredwel.

"Uzi wako umelegea," alisema.

"Uzi wangu una nta."

"Basi kilicholegea ni kichwa. Nenda kaangalie mfuko wako wa upepo."

Karani alikwenda kwa Tredwel mwenyewe. Alisimama mlangoni bila viatu, akaeleza kwa Kiswahili cha taratibu, Silvesta akitafsiri. Sijui Kiingereza, lakini maneno yaliyoingia yalikuwa mengi na yaliyotoka yalikuwa machache, kwa hiyo nakisia Silvesta alitafsiri kiasi alichopenda. Jibu likaja: jedwali limekwisha kutiwa sahihi, na atakayeichana ramani ya kambi atakiona.

Kwa muda haikuleta neno. Rubani wa zamani alikuwa anajaza tangi mpaka mdomoni na hasomi jedwali la mtu. Kisha petroli ikawa haba, ikatoka amri kwamba ndege ijazwe kwa jedwali na akiba ndogo tu juu yake, si zaidi. Ndege ikawa inarudi, nachovya kijiti, na kijiti kinatoka kikavu kuliko karatasi inavyosema. Nikamwambia Silvesta. Akanijibu, "Kijiti chako kisome kama jedwali." Nikaogopa kazi. Nikaanza kuita namba za jedwali, na yeye akaziandika. Hilo ni langu mimi, simsukumii mtu.

Kwa Karani niliisema kweli, kwa siri, huku namvutia pipa.

"Kimebaki kiasi gani hasa?" aliuliza.

Nilimwonyesha kwenye kucha. Alichuchumaa akaandika mchangani. Alihesabu upepo wa kaskazi ukisukuma ndege kuja huku, akahesabu kusi ikiirudisha nyuma. Kwa kaskazi ilifika. Kwa kusi ya nguvu alifuta, akaandika, akafuta tena. Mwisho alichora mstari wa safari na kuweka kidole gumba mahali.

"Itaishia hapa."

"Hapo ni wapi?"

Akatazama kidole chake. "Kwa wakwe zangu," alisema.

Hakuniambia atafanya nini. Niliona tu kwamba baada ya pale, kila anapopata nafasi, anakwenda Nkowe, na Nkowe wakaanza kumcheka. Aliomba kwa mjomba sehemu ya pori nyuma ya nyumba, si pana, ila ndefu kama barabara, imenyooka kaskazini kwenda kusini. Aling'oa visiki mpaka mizizi. Alisawazisha vichuguu, akafukia mashimo ya nguruwe. Alialika watu kulima kwa desturi, akachinja mbuzi, akapika wali, na mimi nilikwenda nikapiga jembe siku mbili. Kisha mahali hapo palipotoka jasho lote lile akapanda karanga, basi. Hakuna mahindi, hakuna mtama, hakuna hata mbaazi moja ya pembeni.

"Mkwe," mjomba alimwambia mbele yetu sote, "shamba gani hili? Mtu akitaka kuvuna huku na huku si atalala njiani?"

"Karanga zinapenda jua, mjomba."

"Na mahindi yanapenda giza?"

Watu walicheka mpaka wakaweka majembe chini. Mkewe alifunika uso kwa kanga. "Mume wangu amerogwa na Wazungu," alisema. "Kule wanalima karanga kwa trekta hazioti, yeye amezileta kwetu kwa jembe."

Mama mkwe wake alikuwa mkali zaidi. Mwisho wa shamba, upande wa kusini, palikuwa na mkorosho wake mkubwa. Karani alimwomba aukate. Mama yule alisimama akauegemea mti kwa mgongo. "Utanikata mimi kwanza." Karani akaondoka kwa adabu. Alipima kutoka mwanzo wa shamba hadi kwenye mkorosho mara tatu, nikaona midomo yake inacheza.

Masika ile pipa lilinitoka mikononi likaniangukia mguu. Mfupa ukatokeza nje. Daktari wa kambi akasema nikibaki ninaoza, wakanipakia kwenye ndege hadi hospitali ya Dar es Salaam. Nililala kule mpaka mvua zikaanza kupungua, na kusi ikaanza kuvuma. Barabara ya Lindi bado ilikuwa imekatika, kwa hiyo nilirudishwa kwa ndege ile ile, pamoja na nesi na makasha ya dawa. Rubani wa zamani alikuwa ameondoka. Huyu mpya alisoma jedwali. Alikuwa kijana mtiifu, simlaumu.

Basi turudi kule juu.

Nesi alikuwa amefika mtoto wake wa mwisho anaanza tena wa kwanza. Rubani alikuwa anatazama huku na huku, na kila mahali miti. Mimi nilitazama chini kwa sababu sikuweza kutazama juu, nikaona mstari. Mrefu, wa kijani kibichi, mwororo, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Mwisho wake pana mti mmoja mnene. Nilikuwa nimelipiga jembe shamba lile, nikalijua.

"Shamba!" nilipiga kelele. "Bwana, shamba! Shamba la Karani!"

Rubani hakujua Kiswahili. Nilimshika kichwa, Mungu anisamehe, nikamgeuza uso kwa mikono miwili. Akaona. Ndege ikainama. Tulipita juu ya paa la mjomba, nikaona kuku wanatawanyika, kisha magurudumu yakazigusa karanga, tukaruka, tukagusa tena, na matawi ya karanga yakawa yanarushwa madirishani kama mvua. Mkorosho ukaja. Rubani aliikata ndege upande, bawa likapiga mti, tukazunguka nusu duara, tukasimama.

Nesi, aliyekuwa ameushika tena mkono wangu, akauachia, akajishika mashavu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka hakuweza kushuka. Rubani alishuka, akakaa chini kwenye karanga, akang'oa shina moja akalitazama, akamenya ganda, akala mbichi. Mimi niliteremshwa kwa mgongo na vijana wa pale, mguu unaniuma upya, na nilikuwa nafurahia maumivu yale kama mtu aliyeletewa barua ya nyumbani.

Mama mkwe wa Karani alifika mbio. Hakutuangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mti.

"Mkorosho wangu!" alisema. "Nilikataa usikatwe kwa shoka, mmeuletea ndege!"

Hata mjomba alicheka.

Alasiri Karani alifika kwa baiskeli kutoka Nachingwea. Ndege ilipochelewa hakuuliza mtu, alichukua kibuyu cha maji na kuja. Alinikuta nimelazwa kwenye mkeka barazani. Alinitazama mimi, akamtazama nesi, akamtazama rubani, anahesabu kwa kichwa: mmoja, wawili, watatu. Akavua ndala. Akaenda shambani akapima kwa hatua kutoka magurudumu yalipogusa hadi yaliposimama. Aliporudi alikaa karibu nami, akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

"Ilibaki kidogo," alisema. "Nilidhani nimelifanya fupi."

Hapo ndipo alipomweleza mjomba shamba lile lilikuwa la nini. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mkwe, ungesema, tungelifanya pana." Jioni hiyo watu wa Nkowe walimkalisha Karani kwenye kiti cha mjomba, na hilo, kwa mume aliyehamia, si jambo dogo. Natamani hadithi iishie hapo.

Haikuishia. Kambi ilitaka kujua ndege yake imeangukaje. Tredwel na Silvesta waliandika ripoti siku moja tu, mlango umefungwa. Jumamosi tulikusanywa wote mbele ya ofisi, na Silvesta akasoma kwa Kiswahili: karani wa upepo, jina lake na la baba yake, alipima vibaya umbali wa Dar es Salaam na Nachingwea, akahatarisha watu, na ameachishwa kazi. Karani alisimama mstari wa mbele, hana viatu. Alisema, "Bwana Silvesta, inua karatasi ile ya juu." Neno hilo tu. Silvesta alikunja karatasi yake akaingia ndani.

Mimi nilikuwa nimesimama kwa magongo. Silvesta alikwisha kuniuliza asubuhi ile, "Kijiti kilikuwa sawa na jedwali siku zote, sivyo?" Nikasema ndiyo. Mtu amenitandikia shamba zima nishukie, na mimi nikasema ndiyo.

Habari ilifika Nkowe kabla yake, na ilifika imegeuka. Watu wakaanza kusema: kumbe alijua itaanguka kwa sababu yeye ndiye aliyeipotosha. Kumbe shamba lilikuwa la kuficha kosa. Mjomba hakumfukuza. Alinyamaza tu, na kiti kile hakumkalisha tena. Mjomba amekufa miaka miwili iliyopita, na amekufa amenyamaza hivyo hivyo.

Mwezi uliopita nilikwenda Nkowe kutafuta mbegu za ufuta, nikamkuta. Kambi ya karanga ilikwisha kufa zamani, matrekta yameliwa na kutu, Tredwel amerudi kwao. Karani amekuwa mzee, anasikia kwa sikio moja. Alikuwa anapepeta ufuta uani. Aliponiona aliinua kidole nisubiri, akamaliza ungo uliokuwa mkononi, ndipo akaitikia. Habari za nyumbani, za watoto, za mguu.

"Unatembea vizuri," alisema.

"Nachechemea."

"Unachechemea hatua sawasawa. Nimekuangalia toka kule kwenye kisima."

Nikamwambia niliyobeba miaka yote. Kwamba nilidanganya kuhusu kijiti. Nilidhani atainuka. Alichagua kijiwe kutoka kwenye ufuta, akakitupa.

"Najua. Ulikuwa na magongo na wake wawili."

"Huna hasira?"

"Nilikuwa nayo. Halafu kila nikikaa nayo nakumbuka mlivyoshuka. Watatu. Ungeona nilivyokuja na baiskeli ile, nilikuwa natafuta moshi. Nilitazama juu ya miti njia nzima, hakuna moshi. Bwana we, mtu aliyepata hilo atataka nini tena?" Akacheka na kunipiga begani. "Tucheze bao. Sikuibii."

Tulicheza. Aliniibia kete mbili, na nilifurahi kuona bado anazo nguvu hizo.

Nilipokuwa naaga ndipo mkewe aliponisindikiza hadi njiani, akaniambia kwa sauti ya chini: "Shemeji, anasema amesahau. Lakini ndugu zangu wakikaa kugawana mashamba bado wanamweka nje na wageni. Watoto wangu wanaona. Mjomba alikwenda na lile neno, na waliobaki wamelirithi."

Ndiyo sababu nimeandika, na mwandiko wangu usikuchekeshe. Tredwel yuko mbali, na kama kuna anayejua anakokaa, ampelekee maandishi haya. Lakini wewe, Silvesta Chinguile, uko Nachingwea hapa hapa, una duka na unasalimiwa kwa heshima, na tunaambiwa uhuru uko njiani na watu kama wewe mtapewa ofisi. Nkowe si mbali, gari linafika. Mimi nitakutangulia, nitasimama mbele ya wakwe zake na kusema kwamba kijiti kilikuwa kikavu na mimi nikaita namba za uongo. Nikimaliza, utasimama wewe. Sitaki pesa yako wala sitaki uombe radhi kwangu. Waambie wale watu, kwa Kiswahili kile kile ulichosomea siku ile, nani aliifunika Mbwemkuru, nani aliiona imefunikwa, na kwa nini ripoti ikabeba jina la mtu pekee aliyeuliza iko wapi.